Kurasa Kumi na Sita za Maji

Katika nyumba ya Mzee Revocatus Nkwabi, kule Igogo, Mwanza, kila karatasi iliyopendwa ilipigwa laminesheni. Cheti cha ndoa, vyeti vya shule vya binti yao Rose, kadi za ubatizo, barua ya kustaafu ya mzee, hata kipande cha gazeti chenye picha ya kwaya ambamo mkewe Getruda alionekana nusu uso, vyote vilikaa ndani ya plastiki ngumu kwenye sanduku chini ya kitanda. Paa lilivuja, unyevu wa ziwa hauna likizo, na panya wa Igogo hawana adabu. Getruda alijifunza mapema kwamba karatasi isiyofungwa ni karatasi iliyokwisha kupotea.

Picha ya mtoto wao Pius haikuwemo sandukuni. Pius alifariki akiwa na miaka saba, na katika miaka yote hiyo saba hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Kitu kimoja tu ndani ya nyumba ile hakikuwahi kuguswa na plastiki, nacho ni stempu za mzee. Alianza kuzikusanya akiwa kijana, mpanga barua posta, na alipostaafu alikuwa na albamu tano. Getruda aliziita vikaratasi. Kwa zaidi ya miaka arobaini alifagia kuzizunguka, akapika kuzizunguka, akalala pembeni yake, na hakuwahi kufungua hata albamu moja. Wageni wakiuliza, alijibu, "Hizo ni za mke mwenzangu," watu wakacheka, naye hakucheka.

Kilichombadilisha ni macho ya mumewe. Presha ya macho ilianza kumla mzee kutoka pembeni, polepole, hadi akabaki anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alisema hilo tundu nalo litafunga. Hakusema lini. Mwezi uleule Okeyo, mkusanyaji mwenzake mwenye stempu za treni, alileta habari kwamba wakusanyaji wa Kanda ya Ziwa wataonyesha stempu zao kwenye ukumbi wa kanisa mjini, Jumamosi ya pili ya Aprili, na mwamuzi atatoka Dar es Salaam.

"Rafiki yangu, safari hii usikae na mali ndani," Okeyo alimwambia. "Chagua mada moja, panga kurasa kumi na sita, zisimulie hadithi. Sio kuweka stempu tu. Hadithi!"

Mzee alichagua maji. Aliita onyesho lake Safari ya Maji: mvua inanyesha, chemchemi inatoka, mto unaenda ziwani, ziwa linalisha watu, Nile inaondoka na maji hadi Misri, bahari inapokea, jua linavuta, mvua inarudi. Hadithi alikuwa nayo kichwani yote. Macho ya kuiandika ndiyo hakuwa nayo, na jioni moja alimsikia mkewe akivuta kigoda hadi mezani.

"Lete hicho kibano," Getruda alisema. "Unanichosha kwa kupapasa."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miezi mitano. Mzee alisema, Getruda alitenda. Alijifunza kushika stempu kwa kibano bila kugusa meno ya ukingoni mwake, kuibandika ukurasani kwa vikanda vidogo vya karatasi vilivyowekwa gundi kidogo tu, ili siku yoyote iweze kuinuliwa na kugeuzwa. Maelezo chini ya kila stempu aliyaandika yeye, kwa mwandiko ule wa darasa la saba wa zamani ambao walimu waliufundisha kwa rula. Mzee hakuweza kuusoma wote, ila aliusogeza mbele ya tundu lake la jicho, herufi mbili mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Walibishana pia. Kwenye boksi la stempu za ziada Getruda aliona moja ya nchi ya Afrika Magharibi, ina mwanamke amebeba mtungi kichwani na mtoto mgongoni.

"Huyu anakaa wapi?"

"Huyo hakai. Sisi tunafuata maji, hatufuati watu."

"Baba Rose, maji yako yanatoka ziwani yanaenda Misri, sawa. Nyumbani kwako yanafikaje? Yanatembea yenyewe?"

Mzee akaanza kucheka, kicheko ambacho Getruda hakuwa amekisikia muda mrefu. Ukurasa wa tisa ukawa wa yule mwanamke, na kichwa cha ukurasa alikitunga Getruda mwenyewe: Maji ya Nyumbani. Tangu siku hiyo hakuziita tena vikaratasi. Aliwaambia wanakwaya wenzake, "Jumamosi ile mje muone maonyesho yetu." Yetu, alisema.

Jambo moja tu hakulielewa. Ukurasa wa kumi na sita ulikuwa wa mvua kurudi, na chini yake mzee aliagiza iwekwe stempu ya Tanzania ya bei ya chini kabisa, ya samaki sato, imepauka, ina meno mawili yaliyovunjika.

"Samaki kwenye ukurasa wa mvua? Na huyu kachakaa, Baba Rose. Atatuaibisha."

"Acha tu. Huyo ndiye anafunga hadithi."

"Anaifungaje?"

"Mama Rose, nimesema acha."

Aliacha. Yule sato mzee alimbandika mwenyewe, kwa kupapasa, akiwa peke yake chini ya ukurasa; Getruda akaandika "Mwisho", na mzee akapitisha kidole juu yake mara mbili.

*

Jumatano kabla ya maonyesho, Rose alikuja asubuhi kutoka Nyegezi kumpeleka baba yake kliniki ya macho. Waliondoka kukiwa na mawingu. Saa nne mvua ikapiga Mwanza kana kwamba ilikuwa na ugomvi nayo. Getruda aliweka beseni sebuleni, sufuria chumbani, ndoo mlangoni, sehemu zote anazozijua. Mvua ikachagua sehemu asiyoijua. Alipogeuka aliona tone linaning'inia kwenye mbao juu ya meza, likadondoka juu ya boksi la kurasa.

Alilirukia boksi kama mtu anayemtoa mtoto barabarani. Akafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umelowa kona, wino wa neno "Mvua" umeanza kutembea. Kurasa nyingine zilikuwa kavu, ila karatasi zimelegea kwa unyevu. Siku tatu zimebaki. Mzee yuko kliniki, simu anayo Rose, naye alikuwa ameizima kwa amri ya manesi. Na mvua ya Aprili si mvua ya siku moja.

Getruda hakufikiri sana, kwa sababu hapakuwa na cha kufikiri. Kitu unachokipenda, mvua inapokuja, unakifanyaje? Alizifunga kurasa zote kumi na sita ndani ya mifuko mitatu ya nailoni, akajifunika kanga kichwani, akatoka akiruka mitaro hadi kwenye kibanda cha Mama Favour, pale anapotoa fotokopi.

"Karibu Mama Rose. Na mvua yote hii?"

"Mashine yako ya laminesheni imepata moto?"

"Ipo tayari. Ni cheti?"

Getruda alizipanga mezani. Mama Favour, ambaye huwapigia watu laminesheni kuanzia leseni hadi sala za novena, aliinama akaziangalia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaacha kutafuna bigijii.

"Jamani, ni nzuri! Nani kaandika?"

"Mimi."

"Wewe? Hongera, mama." Alishika ukurasa mmoja, akasita. "Ila hizi stempu hazitadhurika? Mashine ina joto."

"Si ndiyo vizuri? Zikauke. Mmoja umeshalowa." Getruda aliutoa ule wa kwanza, akaupepea. "Zipige zote. Weka plastiki ile nene."

Zilipita mashineni moja baada ya nyingine. Kila ukurasa uliingia umelegea ukatoka mgumu, unang'aa, una joto kama chapati. Ukurasa wa tisa ulipotoka, Getruda aliushika kwa mikono miwili akamwangalia mwanamke wa mtungi chini ya plastiki. Hakuna mvua itakayomgusa huyu tena, aliwaza. Alilipa kwa hela ya mchele wa wiki, wala haikumuuma. Akarudi nyumbani mvua ikimpiga, kurasa ameziacha wazi kifuani kwa makusudi, ili aone maji yanavyoteleza.

*

Mzee na Rose walirudi saa tisa. Kliniki ilisema tundu limepungua tena. Mzee hakutaka kulizungumza, na Getruda hakumpa nafasi ya kulizungumza.

"Kaa hapo. Rose, mkalishe baba yako. Nyoosha mikono, Baba Rose."

Akamwekea kurasa mapajani, zote kumi na sita, huku akieleza kwa haraka: lile tone, ile kona iliyolowa, mifuko ya nailoni, Mama Favour, plastiki nene. "Sasa hata zikitumbukia ziwani, zitaelea!"

Mzee alipitisha viganja juu ya ule wa kwanza. Plastiki ilikuwa laini, baridi. Alitafuta ukingo wa stempu kwa ncha ya kidole, kama alivyozoea, hakuupata. Stempu, kikanda na karatasi vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Aliuchukua ukurasa wa chini kabisa, akauinua hadi mbele ya jicho, akausogeza taratibu mpaka sato akaingia kwenye tundu lake la kuonea. Kiputo kidogo cha hewa kilikuwa kimekaa juu ya jicho la samaki. Aliugeuza ukurasa. Nyuma palikuwa peupe.

Rose alikuwa ameshaelewa. Amekulia kwenye nyumba ile, anajua stempu ni kitu kinachogeuzwa nyuma na mbele, kinachoulizwa gundi yake na karatasi yake. Alifumbua mdomo. "Mama, jamani, hizi..."

"Rose," baba yake alimkata. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. "Niletee maji ya kunywa." Kisha akamgeukia mkewe, kule sauti yake ilikokuwa inatoka. "Umefanya vizuri, Mama Rose. Wabeja, asante sana. Ungeziacha, zingelowa."

"Si nilikwambia?" Getruda alisema, ingawa hakuwa amemwambia chochote. Alikwenda jikoni akiimba.

Rose alimkuta baba yake nyuma ya nyumba, amesimama kati ya kamba ya kuanikia na choo, ameshika shuka lililolowa kwa mikono yote miwili, analia bila sauti. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na hakuwahi kumwona baba yake akilia isipokuwa siku moja.

"Baba, tumwambie sasa. Ataaibika mbele za watu ukumbini."

"Mimi nitamlinda."

"Utamlindaje? Hizo stempu zimekwisha, unajua na mimi najua. Wewe ungemkaripia mtu mwingine yeyote."

"Nimeshawahi kukaripia mtu kwa ajili ya stempu," mzee alisema. "Unakumbuka."

Rose alikumbuka. Alikuwa na miaka tisa. Mdogo wake Pius alichomoa stempu kwenye albamu, akaibandika kwa ugali juu ya jalada la daftari lake la hesabu ili wenzake darasani waone. Baba alimchapa fimbo nne, mama akisema toka mlangoni, "Utamuua mtoto kwa kikaratasi?" Kisha baba akaloweka jalada lile kwenye sahani ya maji mpaka stempu ikaachia. Wiki mbili baadaye malaria ilipanda kichwani kwa Pius, na hospitali walifika asubuhi amekwisha.

Kile ambacho Rose hakukijua ndicho kilichokuwa kinamliza baba yake. Ile stempu ilipoachia kwenye sahani, mzee aliigeuza kwa kibano akaona maandishi ya penseli nyuma. Mtoto alikuwa ameandika jina lake kabla ya kubandika, kama wanavyofundishwa kuandika majina kwenye kila kitu ili visiibwe: PIUS. Aliandika kwa kubonyeza kwa nguvu, mpaka karatasi ikabonyea. Siku ile mzee nusura acheke, ila alikuwa katikati ya hasira, na baba mwenye hasira hacheki. Alisema moyoni atamtania siku nyingine. Siku nyingine haikuja.

Angemwonyeshaje mkewe baada ya hapo? Kumwonyesha jina lile ilikuwa kumwonyesha fimbo. Akalificha. Miaka thelathini, kila alipobaki peke yake, alimgeuza yule samaki akasoma jina la mwanawe, na macho yalipoanza kukataa, alilisoma kwa ncha ya kidole. Na mwaka huu, kabla tundu halijafunga, alitaka jina lile litundikwe ukumbini mbele za watu, hata kama limegeukia ukutani. Hicho tu ndicho alichokuwa anakitafuta kwenye maonyesho yale. Medali wapewe wengine.

"Mama yako asijue," alimwambia Rose. "Nimekuomba."

*

Jumamosi Getruda alivaa kitenge cha Krismasi. Ukumbini mbao zilisimamishwa mistari minne, na kila ubao ulikuwa na dunia yake: mtawa mmoja kutoka Nansio alileta vipepeo, mwalimu wa michezo alileta mpira wa miguu, dada mmoja alileta uyoga wa nchi ishirini na saba, na Okeyo mwenyewe alitundika treni zake kuanzia za makaa ya mawe hadi za umeme. Watoto wa shule walizunguka na madaftari. Kulikuwa na juisi na andazi.

Okeyo alipofungua boksi la rafiki yake, alilifunga tena.

"Revocatus. Ni nini hiki?"

"Twende pembeni," mzee alisema, akamshika mkono. Pembeni, karibu na piano yenye kifuniko kilichovunjika, alimwomba kwa maneno machache. Okeyo alimsikiliza akikuna kidevu.

"Mwamuzi hawezi kutoa alama hapo. Unajua."

"Sitaki alama. Zitundike tu. Na mke wangu asiambiwe."

"Nitaziweka mwisho, karibu na mlango. Nje ya mashindano." Okeyo alishusha pumzi. "Pole, ndugu yangu. Yule sato wako naye?"

"Naye."

Okeyo alijua tu kwamba rafiki yake anampenda yule sato, hakujua kwa nini; aliona uso wake, akaacha kuuliza.

Karibu na mlango ni mahali pabaya kwa maonyesho, lakini Getruda hakujua hilo. Aliona ni mahali pa heshima, kwa kuwa kila anayeingia anaanza na yeye. Wanakwaya watano walikuja. Aliwatembeza ukurasa kwa ukurasa, akieleza chemchemi, mto, ziwa, na walipofika ukurasa wa tisa aliwaacha waimalize kazi ya kushangaa. "Huyu nimemchagua mimi," alisema. Watoto wa shule walipenda ubao wake kuliko yote, kwani ndio pekee walioruhusiwa kuugusa. "Gusa, gusa, haiharibiki," aliwaambia. Mzee alikaa kwenye kiti nyuma ya ubao, mikono juu ya fimbo, akimsikiliza mkewe anavyosimulia hadithi yake bila kukosea hata mto mmoja. Ilikuwa saa moja nzuri kuliko alivyotarajia.

Bi Bernadeta, mwamuzi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, amesimamia maonyesho kwa miaka mingi, na anazipenda stempu kama wengine wanavyopenda wajukuu. Okeyo alikuwa amepanga kumnong'oneza, lakini aliitwa nje kwa habari ya jenereta. Bi Bernadeta akafika mlangoni peke yake. Alianza kusoma, akatabasamu kwa maelezo, akasogea, akavua miwani, akaivaa tena. Akagusa plastiki kwa ukucha.

"Mungu wangu. Nani amefanya hivi?"

Alisema kwa sauti, kama mtu aliyekuta ajali. Ukumbi ukageuka.

"Mimi," Getruda akasema, akisogea mbele, tayari kupongezwa.

"Mama, umezipiga moto? Na hii ni ya miaka ya hamsini! Gundi imeyeyuka yote, imeshikana na karatasi. Haitoki tena hii. Hakuna mtu duniani wa kuitoa." Alitikisa kichwa, akitazama ukurasa hadi ukurasa. "Hadithi nzuri namna hii. Mwandiko namna hii. Ungeziacha tu zilowe, mama, zilizolowa tunakausha. Hizi zimekufa."

Mmoja wa wale watoto alicheka, si kwa ubaya, kwa vile watoto hucheka mtu mzima anapokaripiwa. Wanakwaya walianza kutazama viatu vyao. Getruda alibaki ameshika fimbo ndogo ya kuonyeshea, imeelekea ukurasa wa tisa.

"Mzee wangu anajua?" aliuliza. Hakujulikana anamwuliza nani. Kisha akazunguka nyuma ya ubao, akamkuta mumewe kwenye kiti, akamtazama usoni. "Ulijua. Tangu Jumatano."

"Mama Rose..."

"Umeniacha nimesimama hapa nawaambia watu waguse."

Bi Bernadeta, ambaye sasa alielewa alichokifanya, alisogea akisema pole, pole sana mama, sikujua. Getruda akamjibu, "Haina shida, mwanangu," kwa adabu kamili. Akazishusha kurasa moja moja, akazipanga, akaziweka kwapani. Walipotoka, Okeyo alikuwa anarudi na kidumu cha dizeli. Aliwaona, akasogea pembeni kuwapisha.

*

Nyumbani Getruda hakuvua kitenge. Aliwasha jiko, akainjika birika, akachukua wembe mpya kwenye kabati.

"Unafanya nini?" mzee aliuliza mlangoni.

"Mvuke. Bahasha inafunguka kwa mvuke. Nitaanza na moja, ikikubali nitazitoa zote."

"Haziwezi. Umemsikia."

"Nimemsikia! Dunia nzima imemsikia!" Aliinama juu ya mvuke, akaingiza wembe kwenye kona ya plastiki. "Naanza na ile mbovu. Hata ikichanika hakuna hasara. Huyu samaki."

Mzee alivuka chumba kwa hatua tatu, akagonga kigoda, akaanguka kwa goti moja, akaushika mkono wa mkewe pamoja na wembe. "Sio huyo. Nakuomba, Getruda. Sio huyo."

Ilikuwa miaka mingi tangu alipomwita jina lake. Getruda aliuachia wembe. Kidole cha mzee kilikuwa kinatoka damu kidogo, hakuna aliyejali.

"Huyu ana nini?"

Akamwambia. Alimwambia hapohapo chini, akiwa amepiga goti kwenye sakafu ya saruji, kuanzia sahani ya maji hadi jina, hadi kidole chake gizani, hadi mpango wake wa kulitundika jina ukumbini. Hakujitetea. Birika lilichemka mpaka likaanza kumwaga maji motoni.

Getruda aliuchukua ukurasa wa kumi na sita, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Akauangalia mbele. Akaugeuza. Akauweka karibu na jicho, kisha mbali, kisha akalaza shavu lake juu yake, kama mtu anayesikiliza.

"Siioni," alisema. "Baba Rose, siioni hata herufi moja."

"Haionekani tena."

"Miaka thelathini ilionekana. Nilikuwa hapa, naona vizuri, hukunionyesha hata mara moja."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?" Sasa alikuwa analia kwa sauti. "Mimi nilikuwa sina chochote cha mtoto wangu! Ungenionyesha, unadhani ningepeleka kwa Mama Favour? Ningekaa chini ya ile mvua nimeifunika kwa mgongo wangu. Umenifanya nimfute mwanangu kwa mikono yangu, na hela nikalipa."

Ilikuwa kweli tupu. Wahenga walisema mficha uchi hazai; wao walikuwa wamezaa, na bado kuficha kumewanyang'anya.

Baada ya muda Getruda alisimama, akaenda chumbani. Alisikika akivuta kitu, si sanduku la vyeti, bali kitu kutoka juu ya kabati, nyuma ya mabati yaliyobaki. Akarudi na mfuko wa nailoni wa zamani uliofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na daftari dogo la hesabu, jalada la buluu, na katikati ya jalada alama ya mraba iliyopauka, ukubwa wa stempu.

"Nilisema sina chochote," alisema. "Nilikudanganya. Nami nililificha. Niliogopa utaliona hilo doa ukajua bado sijakusamehe."

Alilifungua, akamshika mumewe mkono, akamwekea kidole kwenye ukurasa wa kwanza. Mtoto alikuwa akibonyeza penseli kwa nguvu, kila mara, mpaka mwalimu akalalamika. Mbili jumlisha tatu. Nne jumlisha nne. Kidole cha mzee kilitembea kwenye mistari ile iliyobonyea, kikapotea, kikarudi, na Getruda hakukiharakisha. Kilipofika juu ya ukurasa, kwenye jina, kilisimama.

"Bado hujanisamehe?" mzee aliuliza.

Getruda alitazama dirishani, wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye mawe ya ziwani. "Sijui," alisema. "Leo sijui."

Mvua ikaanza. Tone la kwanza lilipotoka kwenye ile mbao ya juu ya meza, Getruda alilivuta daftari, akaliingiza ndani ya kitenge, kifuani, akalikumbatia kwa mikono yote miwili. Zile kurasa kumi na sita aliziacha pale mezani zilipokuwa. Maji yaliangukia juu ya sato, tone baada ya tone, yakateleza hadi ukingoni, yakadondoka sakafuni. Hakuna lililoingia.